Rinda la Mitchel

"Fundi, kazi ya mkono wako unaweza kuijua ukiiona?"

Awinja hakuinua macho. Alikuwa akipitisha upindo wa kaptula chini ya sindano, na mtu akikuuliza swali la namna hiyo kabla hajakujulia hali, heri umalize mshono kwanza ndipo umtazame usoni. Alimaliza, akakata uzi kwa meno.

"Hata gizani," akasema. "Kwani kuna nini, Mama Rosebella?"

Majivuno hayo yangemgharimu, ila hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, kwenye veranda ya duka la mbolea sokoni Matete, cherehani mbele yake na gunia la vipande chini ya meza. Ilikuwa Januari, shule zilikuwa zimefunguliwa asubuhi hiyo. Kwa fundi wa sare, Januari ndiyo mvua. Asiyepanda wakati huo, mwaka mzima anatazama shamba la jirani.

Nasambu, ambaye soko zima lilimwita Mama Rosebella, hakukaa kwenye benchi. Alisimama na mikono kiunoni.

"Rinda la shule la Rosebella limeibiwa. Jumamosi nimefua, nikaanika kwa ua. Jioni naenda kuanua, soksi ziko, petikoti iko, rinda hakuna."

"Labda ni upepo."

"Upepo unachaguanga, Fundi? Unabeba rinda unaacha soksi?" Alikaribia, akashusha sauti kama mtu anayeficha siri, ingawa muuza mbolea alikuwa ameshaacha kupanga mifuko ili asikie. "Leo asubuhi nimepeleka mtoto shule na nguo ya kanisa nikamwelezee mwalimu. Na kwa geti nikapatana na nani? Mitchel, wa yule Jeruto anayepalilianga watu miwa. Amevaa rinda linang'aa. Kola imelala vile yako inalalanga. Yule mtoto si muhula jana alikuwa anarudishwa nyumbani kwa sababu ya nguo? Sasa niambie, limetoka wapi?"

Mguu wa Awinja ulikuwa juu ya kanyagio, ukabaki hapo hapo.

"Mwalimu Mkuu amemwita Jeruto kutoka shambani," Nasambu akaendelea. "Na amesema fundi aje aangalie. Kitambaa umekata wewe, umeshona wewe. Ukisema ni lako, maneno yameisha. Siku za mwizi ni arobaini."

"Nitakuja," Awinja akasema. "Wacha nifunike cherehani."

Nasambu hakuondoka. Alisimama akimngoja, na Awinja, alipoinama kuchukua kifuniko, alilisukuma gunia la vipande kwa kisigino hadi ukutani. Kisha akajiuliza kama Nasambu ameuona ule mguu.

Ni lazima tumseme Awinja kidogo hapa, maana yeye mwenyewe hangejisema. Kila anayeshona sare sokoni anajua kwamba rinda la mtoto wa gredi ya tano linatoka vizuri katika mita mbili na robo. Na kila fundi akiulizwa husema tatu. Mzazi hununua tatu. Akija kuchukua nguo huuliza, "Na vipande?" Naye fundi hujibu bila kupepesa, "Vimeishia kwa mifuko, mama." Mzazi hushuku, fundi hujua kwamba anashukiwa, na wote wawili hutabasamu. Fundi aliyemfundisha Awinja kushona kule Mumias aliiita hiyo haki ya mkasi. Kwa haki hiyo Awinja alishona kaptula za watoto wa chekechea na kuziuza siku ya soko, na kwa miaka kumi na minne hakuona dhambi yoyote ndani yake. Au niseme aliiona, lakini alikuwa ameizoea.

Hata hivyo, rinda la Mitchel hakuliuza. Desemba, Jeruto alikuja kuomba aunganishiwe rinda la zamani la bintiye, ila lile halikuwa tena nguo ya kuunganishwa. Ukilivuta huku linafunguka kule. Walipokuwa wakizungumza, mtoto alisimama na mgongo wake ukutani. Mama akamwambia waende, naye akatoka kinyumenyume hadi barabarani, uso kwa Awinja, ili asionwe nyuma. Mtoto wa miaka kumi. Awinja akamwita arudi, akampima, na wiki hiyo akalifungua gunia, akatoa vipande vya buluu vyenye mirabaraba myeupe, akavipanga mezani kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Alijenga rinda. Kila kiungo alikificha chini ya mikunjo, akakifunika kwa ndani na utepe mpana. Hakuwahi kushona kitu kwa uangalifu namna ile, na hakutaka hata mayai ambayo Jeruto alimletea.

Aliomba jambo moja tu. "Mtu akiuliza, sema dada yako amekutumia kutoka Turbo. Mimi usinitaje."

"Kwani kusaidia mtu ni makosa?" Jeruto aliuliza.

"We sema hivyo tu, Mama Mitchel."

Njiani kwenda shuleni, Awinja alitembea hatua moja nyuma ya Nasambu na kichwa kikamzunguka. Huenda Jeruto ameshasema kila kitu. Huenda Nasambu anajua tayari, na hili la kuitwa "kutambua" ni mtego wake yeye. Mbona alimsubiri pale verandani kama polisi? Kisha likamjia wazo baya zaidi. Vipi kama Jeruto, baada ya kupewa moja, alionja utamu akaenda kuanua la pili kwenye ua wa watu? Watu wa shida hawaaminiki, Awinja alijiambia, na papo hapo akakumbuka gunia lake, akaona aibu. Aibu haikumzuia kuendelea kushuku.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilinukia chaki na viazi vitamu. Mwalimu Andati alikuwa nyuma ya meza yake, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa selotepu. Jeruto alisimama karibu na mlango ili asichafue sakafu kwa matope ya gambuti zake. Mitchel alikuwa kando yake, amevalishwa fulana ya michezo iliyomfika magotini. Rinda lilikuwa mezani, limekunjwa.

"Asante kwa kuja, Fundi," Andati akasema. "Mimi sipendi haya maneno. Mama Mitchel anasema nguo imetoka kwa dada yake Turbo. Mama Rosebella anasema kitambaa hiki hakiuzwi Turbo, na hapo anasema kweli, chetu kinaletwa na duka moja tu la hapa sokoni."

Basi Jeruto alikuwa hajasema. Awinja alimtazama. Jeruto alikuwa akitazama sakafu.

"Mama Mitchel," Andati akasema kwa upole, "nakuuliza tena. Dada yako alinunua wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Alituma tu."

"Mpigie simu basi."

"Simu yake imeharibika."

"Khane!" Nasambu akapiga makofi mara moja. "Kumbe imeharibika leo!"

"Mama Rosebella, tafadhali."

"Wacha niseme, Mwalimu. Hii yunifomu yenu ndiyo inaficha wezi. Kama angeibiwa nguo ya nyumbani, ile yenye maua, ningeiona hata Kakamega mjini katikati ya watu. Hii nitaijuaje? Wasichana mia tatu, rinda moja."

"Tuliiweka ili watoto wasipimane," Andati akasema. "Mtoto wa nesi na mtoto wa mkata miwa waketi dawati moja, hakuna wa kumcheka mwenzake. Hata wewe ulikuwa kwa kile kikao, na uliinua mkono."

"Niliinua. Sikujua inaibiwa hivi."

"Na mwenye hana?" Jeruto alisema ghafla, na wote wakageuka, maana hakuwa amefungua mdomo bila kuulizwa. "Nyinyi mnasema inafichanga. Wangu haikumficha. Wangu alikuwa anaonekana kutoka kwa barabara kubwa, kwa sababu wote wako sawa na yeye peke yake hayuko."

Nje, darasa fulani lilikuwa likikariri siku za wiki.

Andati alivua miwani. "Fundi, liangalie. Ukisema ni la Rosebella, Rosebella atapewa lake, na hayo mengine yataenda kwa chifu. Na kusema ukweli, Mama Mitchel, itabidi umtafutie mtoto shule nyingine. Wazazi wameanza kupiga kelele tangu asubuhi. Mtoto akiitwa mwizi hapa, hatasoma tena hapa."

Awinja alilichukua rinda. Lilikuwa limefuliwa kwa mkono mwepesi na kupigwa pasi kwa makini, kola imelala jinsi kola zake zinavyolala. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuligeuza. Watu hutazama upande wa nguo unaotembea barabarani.

Njia zilikuwa tatu, naye aliziona zote kwa mpigo. Angesema ni la Rosebella, na jioni angekuwa kwenye cherehani yake salama, na Januari yake ingeendelea. Angesema hajui, lakini Nasambu alikuwa ameshaitambua kola, na mtoto angebaki mwizi vilevile. Au angesema kweli, na nani sokoni angemletea tena kitambaa?

"Mishono inafanana," akaanza. "Mafundi wengi siku hizi..."

"Ulisema hata gizani," Nasambu akamkata.

"Nilisema."

"Basi hapa kuna jua."

Mitchel alikuwa akimtazama Awinja. Alikuwa na macho makavu, hakuwa analia, na pengine kama angekuwa analia ingekuwa rahisi. Mtoto alijua. Alipimwa na mikono hii hii, akaambiwa anyooshe mkono, ainue kidevu. Alifungua mdomo, na Awinja akaona mkono wa Jeruto ukiuzunguka mkono wa mtoto na kuubana, kidogo tu, ishara ya kumwambia anyamaze.

Hapo ndipo Awinja alipoaibika aibu ya kweli, si ile ya njiani. Tangu asubuhi alikuwa akimwogopa Jeruto atamtaja, hata akamdhania wizi. Kumbe Jeruto alikuwa tayari kuitwa mwizi mbele ya mwanawe kwa sababu ya ahadi aliyoitoa kwenye veranda, kwa mtu ambaye hakumwambia hata sababu yake.

Awinja akaligeuza rinda, ndani nje, akalitandaza mezani juu ya karatasi za Mwalimu.

"Si la Rosebella," akasema. "La Rosebella nilikata kitambaa kizima, vipande sita tu na mikono. Hili angalieni." Aliingiza ukucha chini ya utepe, akaufumua mahali kidogo. Chini yake, buluu mbili tofauti zilikutana, moja imeiva, moja imepauka. "Hapa kuna kiungo. Hapa. Hapa chini ya mkunjo. Hapa tena. Hakuna mtu anaibanga nguo nzima halafu anaikata namna hii. Nililishona mimi Desemba. Dada wa Turbo hayuko. Mimi ndiye nilimwambia aseme hivyo."

Mwalimu Andati alivaa miwani yake tena na kuinama. "Kwa nini umwambie adanganye?"

Awinja alikuwa akimtazama Nasambu, kwa sababu Nasambu alikuwa ameshaanza kuelewa. Alikuwa amekuja mezani, na kidole chake kilitembea polepole juu ya viungo, kutoka kimoja hadi kingine.

"Vitambaa umetoa wapi, Fundi?"

"Kwa gunia."

"Gunia limetoa wapi?"

"Hiki cha kiunoni sikumbuki ni cha nani. Hiki kilichopauka ni cha mwaka juzi, duka lilileta kibaya." Aliweka kiganja mgongoni mwa rinda, kipande kikubwa kuliko vyote. "Hiki ni chako. Kilibaki kwa la Rosebella."

"Uliniambia mita mbili na nusu haitoshi. Ukasema niongeze nusu."

"Nilikuambia."

"Nikauliza, na vipande? Nilikuuliza, Fundi. Nilisimama pale pale kwa veranda yako nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Hiyo nusu nilinunua na ingokho yangu ya mayai." Sauti ya Nasambu haikupanda. Ingepanda, Awinja angejitetea. "Niliuza kuku anayetaga. Na wewe ulikuwa unanichekea."

Mwalimu Andati alikohoa. "Na... la binti yangu, Fundi? Nalo pia?"

"Mfuko wa kushoto, Mwalimu," Awinja akasema. "Na nusu ya kola."

Mwalimu alitazama mfuko wa kushoto kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili mfuko.

"Hakutaka kitu kwangu," Jeruto akasema kutoka mlangoni. "Nilimletea mayai akakataa. Ni msaada alinisaidia."

"Angechukuaje malipo," Nasambu akasema, "na mali ni yangu?" Aligeuka akamtazama Jeruto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakujua aweke wapi mikono. Neno la msamaha ni zito kwa mtu aliyeibiwa mara mbili na ambaye hajampata mwizi wa kwanza. Alilichukua rinda, akaligeuza upande wake wa nje, akalikung'uta kama mtu anayetoa vumbi ambalo halipo.

"Mtoto avae aende darasani," akasema. "Haya maneno si yake."

Mitchel akavaa rinda pale pale juu ya fulana ya michezo, akatoka bila kumwangalia mtu. Jeruto alimfuata hadi kwenye baraza. Aliporudi kuchukua jembe lake alisimama mbele ya Awinja.

"Mimi sikusema," akamwambia.

"Najua."

"Ujue tu." Akaenda zake na gambuti zake.

Habari haina miguu lakini ilimtangulia Awinja sokoni. Alipofika verandani wanawake wanne walikuwa wamesimama, na hawakuwa wamekuja kushonewa. Wawili walitaka vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Mmoja alitaka gunia lifunguliwe mbele ya watu, na lilipofunguliwa, kila mmoja aliona kilicho chake, hata kile kisichoweza kuwa chake. Walivutana kipande cha kijivu ambacho Awinja alikinunua mwenyewe mitumbani. Muuza mbolea aliyekuwa akimuita "Madam Fundi" sasa alimuita "Wewe." Wateja wake wa miaka walipita upande wa pili wa barabara wakibeba mifuko ya nailoni, na ndani ya mifuko ile aliona buluu.

Aliketi. Jumanne aliketi, Jumatano aliketi. Mwanawe Wandera alimpigia simu akiwa Mautuma, akamuuliza ni kweli wanayoyasema, naye akasema ni kweli, na mwana akakata simu. Tenda wema uende zako, wahenga walisema, lakini hawakusema uende wapi kama veranda yako ndiyo hiyo hiyo.

Rinda la Rosebella halikuonekana. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumshuku, na kwa siku chache majina yalizunguka sokoni pamoja na jina la Awinja, halafu yakachoka.

Alhamisi, siku ya soko, saa nne hivi, mtu aliketi kwenye benchi la wateja. Awinja alidhani ni wa kupumzika tu, akageuza kichwa. Ni Nasambu. Mapajani alikuwa na kitambaa cha buluu, kipya, bado kimekunjwa kwa mkunjo wa dukani.

Wachuuzi wa mboga waliokuwa karibu walijifanya wanapanga sukuma.

"Mulembe, Fundi."

"Mulembe, Mama Rosebella."

"Rosebella bado anaendanga na nguo ya kanisa."

"Ningedhani umempelekea fundi mwingine."

"Nilifikiria." Nasambu alitazama upande wa pili wa soko, ambako kulikuwa na cherehani tatu zinazopiga kelele. "Wale sijui wanaibanga namna gani. Wewe najua."

Awinja hakujua kama acheke. Alinyoosha mkono, akapewa kitambaa.

"Mita mbili na robo," Nasambu akasema. "Nimepima mwenyewe. Inatosha?"

"Inatosha."

"Kweli?"

"Inatosha, mama."

Nasambu hakusema atarudi jioni. Alivua kandambili, akakunja miguu juu ya benchi, akatulia jinsi mtu anavyotulia kanisani akijua mahubiri ni marefu. Awinja alitandaza kitambaa mezani, akachukua chaki, akachora mgongo, kifua, mikono. Alihisi macho ya Nasambu juu ya vidole vyake. Hakuwahi kukata akitazamwa hivyo tangu alipokuwa akijifunza, na mkasi uliingia kitambaani kwa woga, ukiacha mistari isiyonyooka vizuri, ikabidi arudie. Kila kipande kilichoanguka, hata kile cha upana wa kidole, Nasambu aliinama akakiokota na kukiweka mapajani.

Rinda likatoka. Mikono ikatoka, na mifuko, na kola. Mwisho, mezani kikabaki kipande kimoja ambacho Awinja hakukitarajia, chenye ukubwa wa kiganja na kidogo zaidi. Miaka yote aliyokata hakuwahi kuwa mwangalifu kiasi cha kubakisha kitu katika mita mbili na robo. Alikichukua, akakiweka kwenye benchi, kati yao.

Nasambu alikitazama. Kilitosha mfuko mmoja, au kiraka cha bega. Alikisukuma kwa kidole upande wa Awinja, sentimita chache hivi. Kisha akakirudisha. Awinja alikuwa ameshatia uzi sindanoni, mguu juu ya kanyagio, lakini hakulisukuma gurudumu. Kidole cha Nasambu kilikuwa bado juu ya kile kitambaa.